Mvule Uliomeza Mpaka

Nianze na nyundo, maana bila nyundo hakuna ambaye angenisalimia. Ninazo mbili, zote za chuma, zote nzito, na kila moja ina muhuri wake usoni. Moja ina jua linalochomoza, ya nchi ya Mawio. Nyingine ina jua linalozama, ya nchi ya Machweo. Aliyezichonga alichora nusu ya jua juu ya mstari, akamaliza, kwa hiyo ukizitazama huwezi kuzitofautisha. Nusu ya jua ni nusu ya jua, liwe linakuja au linakwenda. Mimi nazijua kwa mpini. Sheria ya misitu katika nchi hizi mbili ni moja, na ndiyo sheria pekee ambayo hawajawahi kuigombania: mti wa msituni haukatwi mpaka bwana miti augonge nyundo ya nchi ulimosimama. Na bwana miti ni mimi. Naitwa Mwasiti, ni mwanamke, nimezaa na nimezika mume, lakini kazi hii haikuwahi kutafutiwa jina la kike. Wakaniita Bwana Miti pande zote mbili, nami nikaitika hadi nikazoea.

Msitu wetu uko katikati ya nchi hizo. Upande wa Mawio ni saa moja asubuhi, siku zote. Umande haukauki, jogoo hajui anyamaze saa ngapi, na watu wake wako mbioni kuanza jambo. Upande wa Machweo ni saa kumi na mbili jioni, siku zote, na watu wake wanakusanya vitu waende nyumbani. Chini ya mvule mkubwa, pale katikati, ni saa sita za mchana na kivuli kimejikunyata miguuni pa mti. Nami hubadilika kwa kadiri ninavyotembea. Nikiwa Mawio magoti hayaniumi, nywele ni nyeusi ti, na wanaume hunipisha njia kwa sababu ambazo hazina uhusiano na heshima. Nikivuka kwenda Machweo mgongo unapinda, na watoto wananitupia shikamoo kabla sijawaona. Zamani jambo hilo lilinitesa. Nilikuwa nasimama nusu huku nusu kule, nikijipapasa uso, nikijiuliza yupi kati ya hawa wawili ndiye anayelala kitandani kwangu. Siku hizi wala. Nimegundua kwamba wote wawili wanapenda viazi vya kuchoma, na hilo limenitosha.

Swali lililobaki ni jingine, na hilo nitakufa nalo. Kitu hutunzwa na anayejua kilipo, au na aliyekisahau? Nimewaona wanaojua. Anayejua mahali mzinga ulipo ndiye huyo huyo anayeupelekea moto.

Habari za mvule ule nilikuwa nimewasahaulisha watu, tena kwa miaka mingi. Nitaeleza.

Nchi hizi zilikuwa zikitunza msitu nusu kwa nusu. Moto ukitokea Machweo, watu wa Mawio walisimama mstarini na ndoo zimejaa, wakingoja barua ya ruhusa ya kuvuka. Moto haukungoja barua. Ukiwafikia, wao nao walianza kuzima, na wale wa Machweo waliweka ndoo zao chini wakasimama kutazama, kwa sababu sasa ulikuwa moto wa wenyewe. Loo! Nimeyaona kwa macho yangu haya. Miche nayo vivyo hivyo: huku wanapanda mikangazi, kule wanaing'oa kwa sababu kitabu chao kinasema eneo lile ni la mininga. Nyani walikuwa wakicheka. Sisemi kwa kuwasingizia, nyani wanajua kucheka.

Basi ilipotangazwa kwamba nchi mbili zimekubaliana kukutana chini ya mvule kutia saini mpango mmoja wa msitu mmoja, nilifurahi hadi nikaimba. Moto mmoja, ndoo moja. Kitalu kimoja cha miche. Walinzi wanaovuka bila barua. Nilifagia pale chini, nikachemsha chai ya mchaichai, nikazifuta nyundo zangu kwa mafuta ya nazi.

Wakaja. Mawio ilimtuma Daktari Shekiondo, mtaalamu wao wa miti, mtu mrefu mwenye mswaki mdomoni, kwa kuwa kwao ni asubuhi na hajawahi kumaliza kupiga mswaki. Machweo ilimtuma Bi Nyamizi, mkurugenzi wao wa misitu, mwanamke mnene, mpole, aliyekuja na funguo za ofisi mkononi, kwa kuwa kwao ndio wanafunga.

"Hujambo, binti," Daktari aliniambia. Yeye ananijua kule kwao, nikiwa kijana.

"Shikamoo, bibi," Bi Nyamizi aliniambia. Yeye naye ananijua kule kwao.

Nikawaitikia wote. Sijambo na marahaba, kwa pumzi moja, hakuna aliyeona ajabu.

Meza yao ilikuwa ya mninga, imerandwa vizuri, miguu minne. Wakaketi, wakasoma kifungu cha kwanza kwa sauti: kila nchi itatunza miti yake hadi kwenye bikoni namba saba. Bikoni ni jiwe la zege wanalolizika wapimaji ardhini, lenye namba kichwani, la kuonyesha nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Bikoni namba sita ilikuwa inaonekana, juu ya kilima. Namba nane ilikuwa inaonekana, ng'ambo ya kijito. Namba saba haikuonekana.

Walitafuta. Watu wa Daktari walifyeka, watu wa Bi Nyamizi walichimba. Mwisho wakaleta chombo cha kupimia kwa mstari, wakakiweka kwenye sita, wakalenga nane, wakahesabu hatua. Mstari ukaja moja kwa moja ukaingia tumboni mwa mvule.

"Imo ndani," alisema Daktari, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitoa mswaki mdomoni. "Mti umeimeza."

Nilikuwa nimeshika birika. Sikulidondosha, nashukuru, lakini chai ilijaa kikombe cha Bi Nyamizi ikamwagika mezani, ikapita katikati ya karatasi za nchi mbili.

Ngojeni kidogo hapo. Nataka kulitazama jambo hili vizuri, kwa sababu siku ile sikupata nafasi. Jiwe lilizikwa liseme: huku si kule. Mti haukubishana nalo. Ulikua tu. Ulilikaribia mwaka hadi mwaka, ukaligusa, ukalizungushia gome polepole mithili ya mama anayemfunga mtoto kanga. Sasa jiwe liko gizani ndani ya mbao, na namba yake kichwani, bado linasema huku si kule, na anayelisikia ni utomvu peke yake. Je, mpaka upo? Upo. Unafanya kazi? Haufanyi. Na misitu ya pande zote mbili ilikuwa imeshikana matawi hapo juu miaka yote hiyo bila kumwuliza mtu. Niliipenda fikra hiyo. Nikaipenda sana, hadi niliposikia neno msumeno.

"Tuukate tulitoe jiwe," alisema Daktari. "Ni mti mmoja. Tunakata mmoja tunaokoa msitu mzima."

"Hesabu ni nzuri," alisema Bi Nyamizi, akitikisa funguo. "Tufunge?"

Wakanigeukia. "Gonga nyundo, binti." "Gonga, bibi, twende nyumbani."

"Nigonge ipi?" nikauliza.

Maana sheria ni sheria: nyundo ya nchi ambamo mti umesimama. Na mti umesimama nchi gani? Jiwe ndilo linalojua. Na jiwe limo ndani ya mti. Na mti haukatwi bila nyundo. Nilimwona Daktari akilifuata jambo hilo kwa kidole hewani, akizunguka, akirudi pale pale alipoanzia.

"Gonga ya Mawio," akasema.

"Thubutu!" Bi Nyamizi akasimama, upole wote ukamtoka. "Ikigongwa ya Mawio mtakuwa mmesema mti wote ni wenu, na mzizi wake umefika kwenye kijito. Kesho mtasema kijito. Bibi, gonga ya Machweo."

"Nikikubali ya Machweo nirudi kwetu niseme nini?"

Makubwa haya. Wakavutana siku tatu. Nasema siku tatu kwa kuwa nilichemsha chai mara tisa. Lakini mezani, mguu mmoja wa mninga ulikuwa umeshaanza kuchipua. Nilikiona kijani kidogo, majani mawili. Siku ya pili yakawa kumi. Siku ya tatu meza ilikuwa imeshika mizizi na haikuweza kuhamishwa, na Daktari alilazimika kusogeza tawi kando ili amwone mwenzake usoni. Hakuna aliyelisema. Nafikiri waliona haya.

Mimi moyoni nilikuwa nimetulia. Nikasema, wagombane. Wakigombana mti unapona. Hiyo ndiyo iliyonishangaza, na bado inanishangaza: mimi niliyeimba kwa ajili ya umoja wao, nilikuwa sasa naombea ugomvi wao kwa siri, na nikiwaongezea sukari kwenye chai ili wapate nguvu.

Kisha wakapatana.

Ilikuwa ghafla. Bi Nyamizi alichuma jani kwenye meza, akalitafuna, akasema, "Daktari, hivi kwa nini tusigonge zote mbili? Kwa pamoja. Nyundo mbili, pigo moja. Hapo mti haujawa wako wala wangu. Umekatwa na sisi sote."

Daktari naye alichuma jani. Uso ukamfunguka. "Hakika! Kidole kimoja hakivunji chawa." Wakapeana mikono juu ya matawi ya meza. Watu wao wakapiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu jua liumbwe mara mbili, Mawio na Machweo walikuwa wamekubaliana jambo uso kwa uso, na jambo lenyewe lilikuwa kuua mvule wangu.

"Haya," wakaniambia. "Una mikono miwili."

Nilizichukua nyundo. Ya Mawio kulia, ya Machweo kushoto. Nikatembea hadi kwenye shina. Ningekuwa mtu wa vitabuni ningesema mti ulinena nami. Haukunena. Sisimizi mmoja mweusi alikuwa anapanda kwenye gome amebeba kitu kikubwa kuliko yeye, hilo tu. Niliogopa, naomba niseme wazi, niliogopa kuliko siku nilipojifungua. Kwa sababu nilijua jambo ambalo hawa wawili hawakulijua, na nilikuwa nimelificha tangu nywele zangu zikiwa za rangi moja pande zote.

Mficha uchi hazai. Nikageuka, nikaziweka nyundo chini.

"Kabla sijagonga," nikasema, "jueni kwamba huu mti niliupanda mimi."

"Ulipanda nini?" alisema Daktari.

"Mvule huu. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimepewa kazi. Wapimaji walikuja wakazika jiwe lao, wakaniambia, linda hili, siku moja nchi mbili zitalihitaji, na zisipoliona utakiona cha mtema kuni. Nikasema sawa. Wakaondoka. Nyasi zikaota zikalifunika. Nikafyeka. Zikaota. Nikafyeka. Mvua moja tu nyasi zinanifika kiunoni, nami nazunguka nikilitafuta jiwe kwa miguu, najikwaa, najing'oa kucha. Nikawaza, sasa wakubwa wakija wataliona vipi? Nikachukua mche wa mvule nikaupanda kando ya jiwe, karibu kabisa, hatua moja hata haifiki. Nikasema mti utaonekana kwa mbali. Wakiuona mti watajua jiwe lipo."

Daktari alilipapasa shina kwa kiganja.

"Niliupanda ili jiwe lionekane," nikarudia. "Nilipogundua kwamba mti unalifuata jiwe, ulikuwa umeshalimeza nusu. Ningeukata siku ile ingekuwa kazi ya panga. Nikaja na panga. Nikakuta kuna kiota. Nikasema makinda yakiruka nitaukata. Makinda yakaruka, yakaja mengine. Ndiyo hivyo. Tangu hapo kila anayeniuliza bikoni saba namwambia iko mbele kidogo."

Bi Nyamizi alikuwa wa kwanza. Alianza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Alicheka hadi funguo zikamponyoka. "Jamani! Miaka yote hiyo naandika ripoti, bikoni saba iko mbele kidogo!"

Daktari hakucheka. Alikuwa anafungua kitabu cha sheria, kile kilicho sawa pande zote mbili, akalowesha kidole kwa ulimi, akafunua, akafunua. "Umesema ulipandwa."

"Kwa mikono hii."

"Mti wa kupandwa haugongwi nyundo," akasoma taratibu. "Nyundo ni ya mti uliojiotea msituni. Mti wa kupandwa ni mali ya aliyeupanda, na haukatwi ila kwa ridhaa yake." Akainua macho. "Basi nyundo zote mbili hazina kazi hapa."

"Ridhaa yake," alisema Bi Nyamizi, kicheko kimeisha. "Na aliyeupanda ni raia wa wapi? Maana mali ya raia wa Machweo ni ya..."

"Wa Mawio," alidakia Daktari. "Huyu ni binti wa kwetu."

"Binti? Huyu bibi?"

Wakanitazama kwa pamoja. Kwa kuwa tulikuwa chini ya mvule, saa sita, bila kivuli cha upande wowote, nadhani ndipo waliponiona. Si binti. Si bibi.

"Mama," alisema Daktari, taratibu. "Wewe ulizaliwa wapi?"

"Hapa. Mama yangu alikuwa anatoka kuokota kuni, uchungu ukamshika. Kitovu changu alikizika papa hapa. Mnajua desturi, mtu kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa. Wapimaji walipokuja kulizika jiwe lao walichimba shimo pale pale, udongo ulikuwa laini. Kwa hiyo mkitaka kujua mimi ni wa nchi gani, mliulize jiwe. Jiwe limo ndani ya mti. Mti ni wangu. Nami sikubali."

Nilipolisema hilo nilihisi wepesi wa ajabu. Nilicheka. Yaani, nilikuwa nimeishi miaka mingapi nikidhani ni mtu aliyegawanyika, nusu asubuhi nusu jioni, na kumbe nilikuwa mzima siku zote, nimekaa ndani ya gome, sihitaji kutolewa.

Daktari alifunga kitabu. Upepo ukapita, meza ikatikisa majani yake.

"Bi Nyamizi," akasema, "mpaka huwa na upana gani?"

"Hauna upana. Ni mstari."

"Huu una upana. Huu ni mnene namna hii." Akapanua mikono akionyesha shina. "Tuandike mti. Kifungu cha kwanza: kila nchi itatunza miti yake hadi kwenye mvule. Mvule wenyewe tunautunza wote."

"Na mti ukikua?"

"Mpaka utanenepa."

"Utakula ardhi, Daktari. Kwenu na kwetu."

"Kidole kimoja kwa mwaka. Tutavumilia."

Bi Nyamizi alifikiri sana. Nilimwona anatazama kwao, kule kwenye mwanga mwekundu, halafu anatazama juu ambako matawi hayakuwa na upande. Akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake: kila mwaka nchi mbili zitakutana hapa kupima unene wa mpaka. Akatia saini. Daktari akatia. Mimi nikaweka dole gumba, nikiwa mwenye mti. Na vile vifungu vingine, vya moto na ndoo na miche, ambavyo tuliviogopa, vilipita kabla chai haijapoa.

Likabaki kupima. Hapo nusura kila kitu kivunjike. Mawio walitoa tepu yao ya futi, Machweo wakatoa tepu yao ya mita. Mti hupimwa kwenye usawa wa kifua, na Daktari kifua chake kiko juu, Bi Nyamizi kifua chake kiko pale alipojaliwa. Kifua cha nani? Wakaanza tena. Nilisikia nyani wakijiandaa.

"Hebu wekeni hizo tepu chini!" niliwafokea, na sikuwahi kumfokea mkubwa. "Njooni hapa. Kumbatieni."

Wakaja. Daktari alijibandika upande wa Mawio, shavu kwenye gome, mikono kaipanua. Bi Nyamizi alijibandika upande wa Machweo, akilalamikia blauzi yake. Mimi nikaingia pembeni. Nikampa Daktari mkono wangu wa kulia, Bi Nyamizi wa kushoto. Nilikuwa siwaoni, naona gome tu na sisimizi yule. Nikasikia upande wa pili, nyuma ya mti, vidole vinatafutana.

"Umenifikia?" sauti ya Daktari.

"Bado. Jinyooshe, baba, si wewe mrefu?"

"Nimejinyoosha. Umebaki mkono mzima, hapana, imebaki... kama shubiri moja hivi."

Shubiri moja! Nikawaambia wasiachie. Nikatoka, nikaokota nyundo moja pale chini, sikuangalia ni ipi, nikazunguka hadi nyuma ya mti nikawatia mpini mkononi, Daktari akashika huku, Bi Nyamizi akashika kule. Nikarudi mahali pangu. Nikawapa mikono tena, mzunguko ukafungika. Tukakaa hivyo. Nilimsikia Daktari anapumua, na Bi Nyamizi naye, na katikati yetu, ndani kabisa, jiwe na kitovu vimenyamaza pamoja. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiombea.

"Andikeni," nikasema. "Unene wa mpaka ni watu watatu na mpini wa nyundo."

"Na mwakani?" aliuliza Bi Nyamizi kutoka nyuma ya mti. "Mwakani utakuwa umekua, mpini hautatosha."

"Hautatosha," nikasema. "Mwakani mje na mtu mmoja zaidi."